Antena au chuma cha ndani? Kisa cha mguu wa dogo na utafiti wa Muhimbili

Dogo alivunjika mguu wa kulia mwaka juzi, Ramadhani, jioni ile ya watu kukimbilia futari. Ni mtoto wa mama mdogo, na kwetu huyo ni mdogo wako kabisa, hakuna cha binamu. Alikua anaendesha bodaboda ya mkataba, kila siku anapeleka hesabu kwa tajiri, amebakiza miezi minne pikipiki iwe yake, kigari kikamchomekea akaenda chini na pikipiki ikamlalia mguu. Muundi ukakatika katikati na ncha ya mfupa ikatoboa ngozi. Kidonda chenyewe hakikua kikubwa kihivyo, urefu wa kidole cha kati hivi, ndo maana wote tulijua ni jambo la hogo, ile plasta ngumu, na miezi miwili mitatu nyumbani, kwisha.

Hospitali ya kwanza siitaji. Walimpokea vizuri tu, dripu ikawekwa, sindano ya pepopunda akapigwa, kidonda kikafutwafutwa kwa gozi kikashonwa, juu yake nusu hogo, tukaambiwa tusubiri rufaa. Rufaa ikatoka kesho yake mchana. Tulipofika hospitali kubwa dokta aliangalia zile nyuzi akauliza "nani kashona hii?" hatukujibu, akasema basi, thieta. Walifungua zote. Jioni akanielezea walichokuta ndani: mchanga, na kauzi ka jinzi. Ka suruali yake mwenyewe.

Akatoka thieta na antena. Kwa ambae hajawahi kuiona, ni zile nondo zinazotoka kwenye mguu, zimetobolewa mpaka ndani ya mfupa juu na chini ya pale palipovunjika, halafu nje zimeunganishwa na fimbo ya chuma inayopita sambamba na mguu. Mfupa unashikiliwa kwa nje na kidonda kinabaki wazi kwa kusafishwa.

Sasa ugomvi ukaanzia hapo. Kitanda cha jirani alikuepo mzee mmoja, nae ajali ya pikipiki, nae muundi, nae mfupa ulitoka nje, ila yeye aliletwa moja kwa moja kutoka barabarani akapigwa chuma cha ndani, yani fimbo inayoingizwa ndani kwa ndani ya mfupa, kwenye uboho, siku ya tatu anaenda chooni na magongo. Dogo anamwangalia tu. Usiku akaninong'oneza, "bro, yule katoa shilingi ngapi?"

Mi sio daktari. Kazi yangu ni takwimu, nakaa na majedwali ya watu wengine kutwa nzima. Ila lile swali lilinikaa kifuani kwa sababu na mimi nilikua nalo, na mjomba alishaanza kusema tumtoe tumpeleke kwa fundi wa mifupa kijijini, na mama mdogo analia, nikaona njia pekee ya kunyamazisha watu ni kutafuta kama kuna mtu alishawahi kupima hivi vitu viwili kimoja dhidi ya kingine. Kumbe alishapima, tena sio Ulaya, hapahapa Dar, MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili.

Utafiti wenyewe kaongoza Dk. Billy Haonga wa MOI akishirikiana na wenzake wa pale na wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ukachapishwa 2020 kwenye jarida kubwa la upasuaji wa mifupa la Marekani. Kuanzia Desemba 2015 mpaka Machi 2017 walichukua watu wazima 240 wenye muundi uliovunjika na kutoboa ngozi, halafu nani apate antena na nani apate chuma cha ndani ikaamuliwa kwa bahati nasibu. Hilo la bahati nasibu ndo lilonifanya nikae kitako. Kama daktari ndo anachagua, wenye hali mbaya wataenda antena na wenye nafuu wataenda chuma, mwisho wa siku antena itaonekana inaua miguu kumbe ilipewa miguu iliyoshaharibika. Ukipiga kura ule upendeleo unakufa.

Na swali lao halikua la kipuuzi. Nchi tajiri mguu kama ule kwa kawaida unapigwa chuma cha ndani, na ni chuma kinachoingizwa kwa msaada wa mashine ya eksrei inayoonyesha picha mubashara thieta na drili ya umeme ya kukwangua uboho. Kwetu vitu hivyo hospitali nyingi hazina. Antena ni rahisi kuweka na haiingizi kitu kirefu kwenye mfupa uliogusana na tope la barabarani. Kwa hiyo hofu ilikua ya haki kabisa: je tukipiga chuma cha ndani kwa mazingira yetu, si tutakua tunasukumiza usaha kwenye uboho wote kuanzia goti mpaka kifundo?

Hapa niingize kitu kidogo maana nilikipenda. Kuna chuma kinaitwa SIGN, kimeanzishwa na daktari mmoja wa mifupa Mmarekani, Lewis Zirkle, na shirika lake la mwaka 1999 kule Richland, jimbo la Washington. Ni fimbo ngumu isiyo na tundu katikati, na matundu ya skrubu yanatafutwa kwa mkono maalumu unaofungwa nje ya mguu kuonyesha skrubu iingilie wapi, ile mashine ya eksrei ya thieta haihitajiki. Hospitali inapewa bure, na kila ukimfanyia mtu unatuma taarifa na eksrei zake kwenye mtandao wao, wanakutumia vyuma vingine. Mzee wa jirani kumbe alikua na hicho. Hajatoa hata mia ya chuma, nilimuuliza mwenyewe.

Turudi kwenye namba. Kitu kikuu walichohesabu ni kifo, au mtu kurudishwa thieta kwa moja ya sababu tatu: maambukizi ya ndani, mfupa kugoma kuunga, au kuunga umepinda. Baada ya mwaka mmoja walirudi watu 221 kati ya 240, yani asilimia 92.1, na mtu aliyewahi kufuatilia watu kwa simu mjini hapa atajua hiyo ni kazi ya kupigiwa saluti, laini zinabadilishwa kama soksi. Waliopata tatizo ni 44 jumla. Chuma cha ndani asilimia 18.0, antena asilimia 21.8. Kitakwimu hiyo tofauti haina uzito, inaweza kuwa bahati tu.

Nilipofika hapo nikapiga makofi. Nikamwandikia mjomba meseji ndefu, nikamwambia utafiti umefanyika Muhimbili, antena na chuma ngoma droo, acheni kelele.

Aibu yangu ni kwamba hii ndo kazi yangu na nilikosea kosa la mwanafunzi. "Hatukuona tofauti" na "ni sawa" ni vitu viwili. Ukiangalia kipimo chao, hatari ya chuma cha ndani ukiigawanya kwa ya antena inakuja 0.83, ila inaruhusiwa kucheza kati ya 0.49 na 1.41. Kwa Kiswahili cha sokoni: inawezekana chuma cha ndani kinapunguza matatizo karibu nusu, na inawezekana kinayaongeza kwa asilimia 41, watu 240 hawatoshi kutuambia ni ipi. Ile hofu ya usaha kwenye uboho haikuonekana, maambukizi ya ndani hayakutofautiana kitakwimu, na hiyo peke yake ni habari kubwa kwa madaktari wetu. Ila ngoma droo? Hapana. Ni mechi iliyosimamishwa kabla ya dakika tisini.

Na ukishuka chini ya matokeo makuu ndo unakuta nyama. Mfupa kuunga ukiwa umepinda kwenda kando, kulia au kushoto, hatari kwa wa chuma cha ndani ilikua 0.11 ya wa antena, yani kama moja ya tisa. Kupinda mbele au nyuma nako kulielekea hukohuko ila namba hazikutosha kusema kwa uhakika. Kwenye eksrei mfupa ulionyesha kuunga vizuri zaidi kwa wa chuma, wiki ya 6, wiki ya 12, mpaka mwaka.

Halafu kuna lile la hali ya maisha. Wanatumia dodoso la EQ-5D, maswali matano tu: unatembeaje, unajihudumiaje kuoga na kuvaa, unafanyaje shughuli zako za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Wiki ya 6 wa chuma cha ndani walikua wanaishi vizuri kuliko wa antena. Kufika mwaka mmoja tofauti imeyeyuka. Msomaji wa haraka atasema basi si imeyeyuka, wote wamefika sehemu moja.

Mimi hapo ndo siafikiani kabisa na namna watu wanavyoisoma ile karatasi, sio na waandishi wenyewe, na wasomaji. Wiki ya 6 ya dereva wa mkataba sio sawa na wiki ya 6 ya mwenye mshahara. Tajiri alivumilia wiki ya kwanza, ya pili akatuma mtu kuulizia, ya nne akasema anaomba funguo "kwa muda", ya tano pikipiki ilikua na kijana mwingine. Miezi kumi na nne ya hesabu imekwenda. Mwaka ukifika dogo akajaza dodoso atakua sawasawa na mzee wa jirani, anatembea, anajiogesha, haumwi sana, na kwenye jedwali langu wote watasoma namba moja. Tofauti ilikuepo wakati ule ule ambao maisha yalikua yanaamuliwa. Ikiyeyuka baadae inamsaidia nani?

Nikachapisha karatasi, nikapiga mstari kwa peni nyekundu, nikamvizia dokta koridoni. Nilikua nimejipanga kweli. Nikamwambia dokta, utafiti wa MOI unasema mguu unanyooka zaidi, mfupa unaunga vizuri zaidi, wiki sita za mwanzo mtu anaishi vizuri zaidi na maambukizi hayaongezeki, sasa kwa nini mdogo wangu kafungwa antena?

Hakukasirika. Aligeuza bahasha ya eksrei akachora mfupa kwa nyuma, akachora kidonda, akaniuliza, "hapo kwenye karatasi yako wamesema waliwachukua wagonjwa gani?"

Majeraha mapya. Na vidonda ambavyo vikishasafishwa thieta vinaweza kufungwa palepale.

"Mdogo wako alikuja siku ya pili, kidonda kimeshonewa uchafu ndani, nyama pembeni imeshaanza kufa, nilikata, ikabaki shimo sikuweza kulifunga. Huyu angekuja kuomba kuingia kwenye ule utafiti wasingempokea. Kwa hiyo hauongei habari zake. Unaongea habari za yule," akanyoosha kidole kwa mzee.

Kwa hiyo ile karatasi niliyokua naipigia mstari usiku kucha ilikua na mguu wa dogo kabla hajapita hospitali ya kwanza. Lile swali la antena au chuma, lililotugombanisha siku kumi, lilikua limeshajibiwa na mtu mwenye sindano na uzi, kabla hata ya daktari wa mifupa kuuona mguu.

Muundi ni mfupa wa ajabu. Pitisha kidole mbele ya mguu wako kuanzia goti kushuka chini, upande wa ndani hukuti nyama, ni ngozi halafu mfupa. Paja limezungukwa na misuli na damu ya kutosha, muundi uko uchi nusu nzima, kwa hiyo ukivunjika ni rahisi kutoka nje na ukishatoka damu ya kuulisha ni chache. Na mfupa kuunga ni kazi ya damu mwanzo mwisho: kwanza lile donge la damu iliyoganda kwenye mpasuko, halafu ndani yake inaota nyama laini kama gegedu, halafu inaingia chokaa inakua mfupa mbovumbovu uliovimba, ndo baadae mwili unauchonga miezi na miezi urudi umbo lake. Usaha ukiingia kwenye lile donge la mwanzo umeua msingi kabla ukuta haujapanda. Ndo maana dawa ya antibayotiki inatakiwa iingie mapema iwezekanavyo na kidonda kioshwe thieta kwa maji mengi na nyama iliyokufa ikatwe, sio kufutwa kwa gozi na kushonwa kipendeze.

Na kuosha kwenyewe hakuhitaji makuu. Kuna jaribio lingine linaitwa FLOW, lilitoka 2015, watu 2447 wenye mifupa iliyotoboa ngozi kutoka nchi tano, India ikiwemo. Walilinganisha kuosha kwa maji ya chumvi ya dripu na kuosha kwa maji yenye sabuni, na mgandamizo mkubwa, mdogo na mdogo sana. Sabuni ikashindwa. Waliooshwa kwa sabuni asilimia 14.8 walirudishwa thieta, wa maji ya chumvi 11.6. Mgandamizo haukuleta tofauti yoyote ya maana, yani chupa ya dripu iliyoning'inizwa juu inatosha, mashine ya bei mbaya haikuongeza kitu. Nilivyosoma hiyo nikakumbuka hospitali ya kwanza dripu zilikua zimepangwa mpaka kwenye dirisha.

Wala sio elimu ya jana. Agosti 1865 kule Glasgow daktari Joseph Lister alimpokea mtoto wa miaka 11 aliyekanyagwa na gurudumu la mkokoteni, muundi umetoboa ngozi, mguu wa aina hiyo enzi hizo wengi walikua wanaukata kabla haujaoza. Yeye akakifunika kidonda kwa kitambaa chenye asidi ya kaboliki, mguu ukapona. Mfupa huohuo wa dogo.

Antena ilikaa mguuni miezi minne na kidogo. Nisidanganye, kuishi nayo ni kazi. Neti ilikua inanasa kwenye nondo kila akijigeuza, mpaka mama mdogo akawa anaifunika na kanga iliyochakaa ndo neti inashuka juu yake. Suruali zote mguu wa kulia zilifumuliwa mshono mpaka kiunoni zikawekwa vifungo. Kila siku sista alivyotufundisha: mikono kwanza, maji ya chumvi, gozi moja kwa nondo moja, usirudishe ileile kwenye nondo nyingine, gaga laini unaliondoa, ukiona ute wa njano na ngozi imekua nyekundu na inauma unarudi hospitali, usisubiri kliniki. Tulirudi mara mbili kwa nondo ya chini. Daladala makonda walikua wanamkwepa, sio roho mbaya, wanaogopa abiria watajikwaa kwenye mguu, basi kliniki ni bajaji kwenda na kurudi. Hiyo gharama kwenye utafiti wowote sijui mtu ataiandika safu gani.

Sigara aliacha, hiyo dokta alimkazia mpaka mimi nikaogopa, alimwambia kila pafu moja unaubana mshipa unaopeleka damu pale pale tunapoihangaikia. Mjomba wa fundi wa mifupa alikuja kunyamazishwa na mzee wa jirani, sio na mimi na majedwali yangu. Alimwambia tu, mwanangu, mfupa uliotoka nje haukandwi.

Antena ikatolewa, akawekewa hogo wiki kadhaa, likatolewa, akaanza na gongo moja. Mfupa umeunga. Umeunga umeinama kidogo kwa nje, nyuzi chache tu, dokta kasema haihitaji kurudi thieta, na kwenye hesabu ya utafiti kupinda kwa aina hiyo bila kurudishwa thieta kusingemwingiza kabisa kwenye wale 44. Angekua upande wa waliofanikiwa. Ndala ya kulia inaisha pembeni, upande mmoja, kila baada ya miezi miwili ananunua jozi nyingine.

Mwezi uliopita alikuja home, tumekula, nikatoa lile dodoso la maswali matano nimsomee, kwa kujifurahisha tu, maana nilimuuliza pia wakati ana antena na majibu nilikua nimeyaandika nyuma ya kadi ya kliniki. Kutembea, akasema sina shida. Kujihudumia, sina shida. Maumivu, kidogo kukiwa na baridi. Nikafika kwenye shughuli za kawaida, akacheka.

"Shughuli ipi bro, ile niliyokua nayo au hii ya kukaa kijiweni nasubiri mtu anipe pikipiki yake saa mbili usiku?"

Nikaweka alama kwenye "sina shida", maana mguu wake kweli hauna.